Kamba ya Kioo cha Nyuma

Chiwata, jioni

Tekla mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini utakapofungua karatasi hii utakuwa ndani ya basi, na sipendi shikamoo yako ya asubuhi ikose mtu wa kuipokea. Kwa hiyo nimeitikia mapema. Ukifika hapa itamke kimoyomoyo, tutakuwa tumeamkiana.

Nimekaa ndani ya Kachumbari, kiti cha dereva, kibao nimekiweka juu ya usukani ndiyo meza yangu. Wewe uko ng'ambo ya ua kwa mama zako wadogo, na kwa kuwa kioo cha nyuma bado hakijafungwa, nawasikia mnavyocheka. Naona wamekuchinjia yule jogoo mkorofi. Vizuri, alikuwa ananionea. Habari za nguo za kufungasha, za nini usile njiani, za kushika mkoba vizuri, wamekwisha kukupa mpaka umechoka, niliiona sura yako mchana. Mimi siongezi hata moja. Mimi nataka tuzungumze habari ya mipira ya vioo.

Usicheke. Haya, umecheka.

Wewe unaijua Kachumbari hii ya viraka, mlango wa kijani, boneti nyekundu, paa jeupe, ndiyo maana ukaipa jina hilo. Mimi niliiendesha kabla hujazaliwa, ikiwa gari la misheni, rangi moja, heshima zake kamili. Nilipeleka mapadri vijijini, wagonjwa hospitali, na safari moja mbuzi wa sadaka ya mavuno, akala kofia ya mwalimu wa kwaya. Lilipochoka wakapata jingine, wakaniambia, "Lichukue, Baba Tekla, kabla kuku hawajahamia." Nikalivuta kwa trekta mpaka hapa, chini ya mkorosho wa mama yako.

Naam, wa mama yako. Mkorosho wake, ua wake, nyumba yake. Mimi ni mtu wa Mkunya, kule juu Newala, nilikuja hapa kwa kuoa, na kwetu sisi mwanamume ndiye anayehama. Waliniita mkwe wa kuja. Jina hilo sikulichukia mama yako alipokuwa hai, maana nilikuwa nimemjia mtu, na mtu huyo alikuwapo. Alipofariki likabadilika. Labda lilibadilika vinywani mwao, labda masikioni mwangu tu, mpaka leo sijui. Nitalirudia baadaye.

Kwanza nikuchekeshe kidogo, maana nadhani kisa hiki mama yako alikuhadithia nusu tu, akinihurumia. Enzi zile za shida, kabla mambo hayajawa ruksa, kuchagua kulikuwa hakuna. Ukitaka mpira wa kuzungushia kioo cha dirisha unahangaikia kibali. Ukipata kibali, mpira hakuna. Mpira ukija, ni wa trekta. Mipira ya gari ilikuwa imekauka na kupasukapasuka. Masika tunaoga ndani, kiangazi tunakula vumbi. Nikapanda Mkunya kwa bibi yako kulalamika. Bibi akanikumbusha kwamba wazee wake, wakati wa Mjerumani, waligema utomvu wa mbungo huko porini, wakauviringisha mpaka ukawa mpira, wazungu wakanunua. Na sisi tulipokuwa wadogo tulitengeneza mpira wa kuchezea kwa utomvu uleule. Nikajiambia, ebo! Mpira si mpira?

Tukagema, mimi na bibi yako, vidole vikagandana. Tukauviringisha kama kamba, nikaja nao Masasi, nikaubandika kuzunguka madirisha yote. Ulikaa, Tekla! Nilitembea kifua mbele, nikaona watu wa viwandani hawana lolote. Jumapili nikampeleka padri kijiji cha Chidya. Jua likawaka, utomvu ukaanza kulainika, na padri wa watu alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani, anasinzia. Tulipofika akataka kushuka, mkono wa kanzu ukagoma. "Dereva," akasema kwa upole, "kanzu yangu inapenda gari lako." Tukaikata kwa wembe mbele ya waumini waliotoka kumpokea. Nikaitwa Mbungo mwaka mzima.

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi akaniambia, "Tatizo lako ulisikia jina, hukuuliza kazi." Nimefunga mipira mingi tangu siku ile, na kila nikikosea naona nimekosea hapohapo. Kitu kikiwa na jina la kile ninachokitaka, basi nakibandika.

Halafu mambo yakawa ruksa. Maduka ya Masasi yakajaa. Unamjua Bi Sauda wa spea, lakini hukumwona alipofungua duka lake mara ya kwanza: mipira imening'inia ukutani kama nyoka, myembamba, minene, ya mfereji mmoja, ya mifereji miwili, imetoka nchi ambazo hata sikuwahi kuzisikia. Bi Sauda akaniambia, "Chagua, baba." Mwanangu, mtu aliyezoea kukosa hajui kuchagua. Nilikuwa kama mwenye njaa aliyepakuliwa pilau la harusi. Nikachukua mnene kuliko yote, mgumu kuliko yote. Niliona mnene ndio bora, mgumu ndio wa kudumu. Sikuuliza kioo chenyewe kinataka nini.

Tukakifunga kioo cha mbele, mimi na mama yako. Kazi hiyo unaijua sasa, lakini ngoja niieleze kama tulivyoifanya sisi, nipate kuiona tena. Nauvisha mpira kwenye kioo, napitisha kamba katika mfereji wa nje, ule unaomeza ukingo wa bati, kuzunguka pande zote, napaka povu la sabuni. Mimi nasimama nje nakisukuma kioo kwa viganja. Mama yako anakaa ndani, ameshika ncha za kamba. Anapovuta, mdomo wa mpira unaruka juu ya ukingo wa bati, kidogo kidogo, mpaka kioo kinakaa. Mtu mmoja hawezi. Ukisukuma peke yako kinarudi, ukivuta peke yako kinatoka. Na mama yako havuti kwa nguvu, anavuta kwa kunisikiliza. Nikigonga anavuta, nikiacha anaacha. Kioo kiko katikati yetu, uso wake uko karibu na wangu, povu linamtiririkia mbele ya macho, naye ananikejeli kwa nyusi. Nilimpenda sana mama yako. Sijui kama niliwahi kukwambia.

Wiki ileile, gari likiwa bado la misheni, tukapanda mlima kwenda Newala kumwona bibi. Mchana, jua kali, bati limepata moto. Tuko katikati ya mlima kioo kikalia ta! Ufa ukatoka kona hii mpaka kona ile. Nikasimamisha gari kutafuta jiwe. Palikuwa na kijana wa baiskeli amepumzika njiani, nikamrukia, nikamtukana kwamba yeye ndiye aliyerusha, maskini ya Mungu, mkononi ana kipande cha muhogo tu. Mama yako akashuka taratibu, akapitisha kidole kwenye ufa kote. Akasema, "Hapana jiwe hapa, Baba Tekla. Umekibana mno."

Nilibisha. Nilibisha mpaka Mkunya, nikabisha na kurudi. Alikuwa anasema kweli. Bati lilitaka kupanuka, kioo kilitaka nafasi ndogo tu ya kupumua, na mpira wangu mgumu haukutaka kumpa mtu nafasi. Kioo kingine hakikupatikana mpaka yeye hayupo tena.

Hapo sasa nafika kwako.

Ulipomaliza shule na nafasi ikatoka ya kwenda Tanga kusomea umeme, nilikuuliza, "Umeme wenyewe huku kwetu uko wapi?" Ukanijibu, "Ndiyo maana naenda, Baba." Nikaenda kuipangusa Kachumbari vumbi. Wewe ukaniangalia kwa huruma yako ile, ukasema, "Usiwe na wasiwasi. Siondoki mpaka Kachumbari ifungwe vioo vyote." Maneno yale nilipaswa kuyakataa palepale. Mzazi mwenye akili angesema, mwanangu, gari ni bati, wewe nenda. Mimi niliyameza kama uji wa moto, yakanishuka na kunipasha tumbo.

Basi nikaanza kazi ya kuchagua mpira. Na pabaya ni hapa, Tekla: kila sababu niliyokupa ilikuwa ya kweli. Ule wa kwanza nilioukunja ukatoa mistari myeupe, kweli ulikuwa umechanganywa chaki nyingi, ungepasuka. Ule wa pili kweli ulinuka mafuta ya taa. Ule niliouanika juu ya boneti, kweli ulikakamaa. Mwingine mfereji ulikuwa mpana. Mwingine mfereji ulikuwa sawa, mdomo ukawa mfupi, kwa kweli mfupi kidogo sana. Mzuri sikuuona kwa sababu sikutaka kuuona. Bi Sauda mwenyewe alichoka nami. "Hebu niambie, mzee," akasema mbele ya wateja wake, "unatafuta mpira au unatafuta mchumba?" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, nikarudi Chiwata mikono mitupu na moyo mwepesi, kama mtu aliyeokota kitu.

Nafasi yako ya mwaka jana ikapita. Siku ile ulikwenda jikoni ukajifanya unapuliza moto, ukadhani moshi utakuficha. Nilikuwa nje ya mlango, kipande cha mpira mkononi, nasikia unavyolia. Sikuingia. Hilo ndilo ninaloomba unisamehe, na silipambi.

Nilikuwa naogopa. Mtoto wa ukoo wao akiwa ndani ya nyumba hii, mkwe wa kuja ana sababu ya kukaa. Mtoto akiondoka, mimi ni nani hapa? Nitaamka asubuhi nimwambie nani marahaba? Mjomba wako Yohana, kaka wa marehemu, ndiye mwenye kauli juu ya ua huu, na mara nyingi nimemwona amesimama pale kwenye muhogo wake anaitazama nyumba, anaitazama, kisha anatikisa kichwa na kuondoka. Nikasema, ananihesabia siku. Tukikutana ni "Shemeji," "Shemeji," basi, kila mmoja na njia yake. Tumeishi hivyo tangu tumzike mama yako. Kurudi Mkunya nako, bibi yako ni mzee, nyumba imejaa watoto wa dada zangu, mimi kule nimekuwa mgeni wa Jumapili. Kwa hiyo nikakubana wewe. Nikapata mpira mnene kuliko ule wa kwanza, nao haukuuzwa kwa Bi Sauda.

Mpaka siku ile masika ilipokwisha, ulipokwenda Masasi mwenyewe bila kuniaga. Ulirudi vumbi mpaka kwenye kope. Hukusema kitu. Ulipindua kinu, ukakata kwa wembe kipande cha mpira wa zamani, ule gari lililotoka nao kiwandani, na kipande cha ule mpya uliokuja nao, ukavisimamisha sambamba juu ya kinu. Ukaniita nitazame. Mifereji miwili, wa kioo na wa bati, unene uleule, mdomo uleule. Nikaubonyeza kwa ukucha, ukarudi. Nikaukunja, haukutoa mstari. Nikaunusa. Nikawa natafuta kasoro, wewe ukanitangulia.

"Baba, mpira unafaa. Wewe ndiye usiyefaa kukaa peke yako."

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningejua la kujibu, mimi kwa ugomvi unanijua. Ulisema kama fundi anayeeleza gari limeharibika wapi. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Kesho yake tukakifunga kioo cha mbele. Nilipokuwa napima mpira, mikono yangu ikaanza kuuvuta ili utoshe na kipande kibaki, na wewe ukanishika kiganja. "Usiuvute, Baba. Si wewe uliyenifundisha?" Kweli ni mimi. Mpira uliokatwa umevutwa unaonekana unatosha siku hiyo, watu wanausifu. Ukilala unarudi kwenye urefu wake, na asubuhi kona zote ziko wazi. Ukate ukiwa umetulia, tena uuache mrefu kidogo. Nikaukata umetulia. Ukaingia ndani ukashika kamba, povu likashuka, ukaniangalia kwa jicho la mama yako, nami nikasahau kazi. "Baba, gonga basi!" Nikagonga. Kioo kikakaa bila kulia. Ile mvua iliyochelewa ilipopita hakikuingiza hata tone, ulikumbuka kuchungulia? Mimi nilichungulia mara nyingi.

Sasa kimebaki hiki cha nyuma. Mpira nimekwisha kukivisha, kamba iko mferejini, nimekiegemeza bati huko nje, na ncha mbili za kamba nimezipitisha tunduni zinaning'inia humu ndani. Nikitazama kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma, hapa juu mbele yangu, naziona zinacheza na upepo. Jana ulisema, "Hicho tutakifunga nikirudi Krismasi." Ulisema kwa wema, mwanangu, na mimi nusura niseme ndiyo. Lo, ilikuwa tamu! Nililala nayo. Nikaona jinsi nitakavyoipitia kamba ile kila siku nikijua ina mwenyewe, na mwenyewe lazima arudi. Alfajiri nikajua ni uleule mpira mnene, nimeutafutia rangi mpya.

Kwa hiyo leo mchana, mlipokuwa mnamnyonyoa jogoo, nilivuka ua. Ni hatua chache tu lakini zilinitoa jasho. Nikamkuta mjomba wako ananoa jembe kwa tupa.

"Shemeji," nikasema.

"Shemeji," akasema, akaendelea.

"Nina shida. Naomba kesho uje univutie kamba."

Akasimamisha tupa. "Kamba gani?"

"Ya kioo cha nyuma."

Akaweka jembe chini, akaniangalia kama mtu aliyemwona bubu akisema. "Mimi niko hapa siku zote nawasikia mnavyogombana na vioo," akasema. "Marehemu alipokuwapo, nikasema ana mkewe. Akafariki, nikasema haya, ana mtoto wake. Sasa mtoto anakwenda Tanga, nikasema leo ndipo tutajua kama shemeji yangu ana mdomo."

Nikamwuliza, kwa kuwa nilikwisha kuanza kusema, "Mbona unasimama pale kwenye muhogo unaitazama nyumba?"

"Natazama paa," akasema. "Nyasi zimeoza upande wa chumbani. Lakini nani aende kumwambia mtu mzima kwamba paa lako linavuja, na mwenyewe hasemi?"

Alisema "paa lako", Tekla. Hakusema paa la dada. Hakusema paa letu. Nikageuza uso nikajifanya natazama jembe lake. Nikalisifu, jembe lenyewe baya. Niliishi ng'ambo ya mtu huyu nimemtungia maneno ambayo hakuyasema, nikamfunga kwayo, na sikumwuliza hata mara moja. Mama yako angesema yaleyale aliyosema siku ya mbungo.

Sikwambii nimepona. Kesho basi litakapoondoka nitarudi hapa na ua huu utakuwa mkubwa kuliko kanisa. Nitapika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nitaula wote kwa hasira. Upweke upo, sitakudanganya, wewe nawe utaukuta huko Tanga ukikungoja kitandani siku ya kwanza. Ukikukuta, mtafute mtu wa kukuvutia kamba. Mwombe, hata kama hujui atasemaje. Mimi nilichelewa kuomba, ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kulala.

Kioo tutakifunga kesho, mimi na mjomba wako. Atavuta kwa pupa, namjua, hata muhogo huung'oa kwa pupa. Nitamgombeza, naye atanigombeza. Kikipasuka kimepasuka. Kwa hiyo Krismasi usije kufunga kioo, hakutakuwa na kioo cha kufunga. Ukipata nafasi ukaja, uje tu. Usipopata, paa lina mtu wa kulisemea.

Kikishafungwa, humu ndani patakuwa kimya sana, mpira ule ni mzuri. Lakini leo tundu la nyuma bado liko wazi, na nakusikia umesimama mlangoni kwa mama zako wadogo unaita, "Baba! Baba, chakula kinapoa!"

Nakuja, mwanangu. Nakuja.

Baba yako